Nilivyojificha Mbele ya Uwanja Mzima

Jina la baba yake Ambindwile sitalitaja, mtanisamehe. Anayetaka kulijua aende Suma akaulizie nyumba ya mzee wa kanisa mwenye mwamvuli mweusi, ataoneshwa. Mimi nitamwita mzee tu, na kila nikisema mzee mjue ni huyohuyo aliyesema mimi sikuzaliwa kuwa mkwe wa mtu.

Alisema hivyo siku ya Jumapili, nyumbani kwake, mbele ya mkewe, mbele ya binti yake Tupokigwe na mbele ya Ambindwile aliyenipeleka. Nilivaa gauni la kitenge lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo. Mama yangu, Bi Asia, alinifunga mtandio kwa mikono yake, akanizungusha, akanikagua kama anakagua mzigo uliotoka Tunduma.

"Kawe na adabu, Rukaya," akaniambia. "Sisi watu wa duka wanatutafutia kasoro hata kwenye kivuli."

Basi nikaenda na adabu yangu yote. Niliingia sebuleni, nikapiga magoti mbele ya mzee, nikamtazama usoni, nikampa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

Mama yake Ambindwile akajiziba mdomo kwa kanga. Tupokigwe akageukia dirishani. Mzee alikuwa na kikombe cha chai mkononi, hakunywa wala hakukiweka chini. Aligeuza uso akatazama kalenda ya kanisa iliyoning'inia ukutani, akaanza kuzungumza nayo.

"Ambindwile."

"Naam, tata."

"Huyu ndiye Lukaya?"

"Ndiye, tata."

"Mwanamke anayetaka kuwa mkamwana wangu anakuja kunikodolea macho namna hii? Na mkono ananipa? Ananitazama kama ananiuzia kitenge."

Mimi nimezaliwa Bulyaga. Nimesoma na Wanyakyusa, nimecheza nao, Kinyakyusa nakisikia mpaka matusi yake. Lakini kuna mambo ya ndani ya nyumba za watu ambayo huyajui mpaka uolewe humo. Ningekuwa mpita njia, salamu ile ingenipatia sifa Suma nzima. Nikabaki pale magotini, mikono imening'inia hewani, damu imenipanda kichwani. Na mimi nikikasirika ulimi haungoji ruhusa.

"Mzee," nikasema, "dukani kwetu mtu tunamtazama usoni ili ajue hatumwibii."

"Tena anajibu," mzee akaiambia kalenda.

"Tata, hajui," Ambindwile akasema. "Hakuna aliyemfundisha."

"Hili halifundishwi. Wasichana wa Kisiba wanalijua tangu wananyonya. Na msije mkasema nimemkataa kwa dini yake. Dini ina wenyewe watakaokaa waizungumze. Mimi nasema adabu. Huyu hakuzaliwa kuwa mkwe wa mtu. Wewe Jumatatu ya wiki ijayo nenda Dalesalamu ukacheze mpila wako, nimekuluhusu. Ukiludi utakuta mke nimekutafutia. Tulia wa Kisiba anakungoja."

Akachukua mwamvuli wake. Alipofika usawa wangu akasimama, na safari hii akanitazama. Alinitazama usoni, taratibu, kuanzia mtandio mpaka viatu, kisha akatoka kwenye mvua. Wakati ule nilidhani ananidharau tu. Sikujua kwamba kutazamwa vile ndiko kukataliwa kwenyewe.

*

Kesho yake Ambindwile alikuja kwenye banda la video la kaka yangu Ismael, mchana, kabla ya watu wa sinema za ngumi hawajajaa. Zilikuwa enzi za ruksa. Kila mwenye akili Tukuyu alikuwa anafungua kitu, huyu genge la mitumba, yule mashine ya kusaga. Ismael alifungua video, deki moja, televisheni moja na mabenchi ya mbao. Ndipo mimi na Ambindwile tulipoanzia.

Ambindwile alikuwa kiungo wa timu yetu, jezi namba nane. Wengine walikuja kutazama ngumi, yeye alikuja kwa kanda moja tu, ya mpira wa vijana wa Amerika Kusini. Mtangazaji alikuwa anapayuka Kihispania, hatukuambulia neno. Ndani ya kanda ile kulikuwa na kijana wa Uruguay, kiungo, mwembamba kama muwa, naye kavaa nane. Jina lake hatukulijua, tukamwita Nane. Mimi ndiye niliyekuwa nashika rimoti.

"Rudisha," Ambindwile angesema, nami narudisha. "Hapo hapo. Umeona? Anatoa pasi kule, macho yapo huku."

"Anabahatisha."

"Habahatishi. Ametazama kabla mpira haujamfikia. Ukishaupata mpira ndipo utafute mwenzako, umechelewa."

Tuliirudisha pasi ile mpaka kanda ikawa inakwaruza mahali hapo. Kanda ilipoisha tulimtungia Nane maisha yaliyobaki. Ambindwile alimpeleka Italia akanunua gari. Mimi nilimpa mama mkali na mchumba anayemfulia jezi. Siku moja Ambindwile aliniuliza, "Huyo mchumba alienda naye Italia?" Nikasema, "Alienda. Yule si mtu wa kuachwa uwanja wa ndege." Akaniangalia muda mrefu, na mimi nikajifanya natafuta kitufe cha kuzimia. Toka siku ile nikawa wake, hata kabla hajasema.

Jumatatu hiyo hakutaka kanda. Alikaa benchi la nyuma, mikono kichwani.

"Siendi," akasema.

"Huendi wapi?"

"Dar. Nikienda, siku nikirudi nitamkuta Tulia anamchotea mama maji."

"Na usipoenda?"

"Nabaki na wewe."

"Unabaki na mimi ukifanya nini, Ambindwile? Unachuma chai huku unanitazama kama mimi ndiye niliyekuvunja mguu? Timu ya Dar imekuja mpaka huku kwenye ukungu kukutafuta wewe. Siolewi na mtu aliyeacha mpira kwa ajili yangu. Utanichukia kabla mvua haijakatika, na huku kwetu unajua mvua haikatiki."

Akacheka bila kupenda. Nikapenda kumwona anacheka, nikakaa karibu naye.

"Basi twende wote," akasema. "Bomani hawaulizi mtu anasali wapi. Tunaandikishwa, tunapanda basi, imekwisha."

"Nitoroke?"

"Si kutoroka. Ni kuondoka."

"Nitoke Bulyaga na kifurushi kwapani kama mwizi wa kuku, ili baba yako aseme mnaona? Mimi sitoroki. Bomani nitakwenda, lakini nataka kupita njia ya Suma mchana, jua likiwaka, watu wakiniona wajue mimi ni nani wa nyumba ya nani. Nimekupenda hadharani, nitaolewa hadharani."

"Rukaya, baba hageuki. Tangu nimezaliwa sijamwona akigeuka."

"Hajakutana na mimi."

"Amekutana na wewe jana."

Nilimpiga kofi la bega, akanishika mkono ule ule, akaubana kifuani kwake. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kama ametoka mazoezini. Tukakaa hivyo mpaka mama alipofunua pazia la mlango. Mama hana tabia ya kugonga.

"Ambindwile, mwanangu," akasema, "mimi sina ubaya na wewe. Lakini binti yangu amekwenda kwenu kwa heshima mkamrudisha na aibu. Yule mwenye mashine ya mpunga wa Kyela amemuulizia tena. Jumapili anatuma wazee wake. Kama kwenu hajulikani, atajulikana kwa mtu mwingine."

"Mama, mimi simtaki huyo wa Kyela," nikasema.

"Sikusema unamtaka. Nimesema anakuja."

*

Jumatano Tupokigwe alikuja dukani. Alisema anataka sabuni, lakini sabuni yenyewe hakuiangalia. Alisubiri wateja wapungue, akaegemea kaunta.

"Wifi," akaniita, na neno lile likanilainisha kidogo. "Ulimsalimia."

"Ndilo kosa? Kumsalimia mtu mzima?"

"Mkamwana hamsalimii baba mkwe. Kwetu tunaita ukutila. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, jina lake halitoki mdomoni mwake. Akimwona anakuja anatoka njiani, anajifunika, anampa mgongo mpaka apite. Mama yangu mpaka babu anakufa hakuijua vizuri sura yake."

"Na kama mwanamke bado hajaolewa?"

"Akishachumbiwa tu, inaanza. Wewe ulikuja kama mchumba, ukaingia, ukampa mkono. Baba aliona kama umemvua kofia."

Nilikuwa nakunja vitenge. Nikaendelea kukunja, lakini kichwa kilikuwa kimeanza kupiga hesabu.

"Na yeye?" nikauliza.

"Yeye nani?"

"Baba mkwe. Mwanamke akishajificha, yeye anafanya nini?"

"Naye hamtazami. Anapita mbali. Baba mkwe anayemtazama mkamwana wake anajivunjia heshima mwenyewe."

"Kwa hiyo mwiko unamfunga na yeye."

"Unawafunga wote wawili."

Nikaacha vitenge. "Sasa nisikilize. Mwanamke akijificha mbele ya mzee, mbele ya watu, halafu mzee akapita njia ile ile akamtazama. Inakuwaje?"

"Basi amewaambia watu wote kwamba huyu si mkamwana wangu. Lakini nani atafanya ujinga huo, ajifiche kwa mtu asiye mkwe wake?"

Tupokigwe akanitazama, akaelewa, akashika kichwa.

"Wifi, hapana."

"Jumamosi, kwenye mechi, atakuja uwanjani?"

"Atakuja. Viongozi wa Dar wamemwomba aje wapeane mikono. Hajawahi kukanyaga uwanja wa mpira maisha yake. Atarudi kwa njia ya chini, ile ya kwenye chai, yenye mtaro. Wifi, uwanja mzima utakuwa pale."

"Ndiyo maana."

Ilibidi anifundishe, maana alijua nisipofundishwa nitakwenda hivyo hivyo nikaharibu tena. Alinionesha nyuma ya duka, namna ya kuvuta kanga, namna ya kuchuchumaa bila kugeuza kisigino. Alinisahihisha mpaka akachoka.

"Unasubiri umwone ndipo ujifiche," akasema. "Hiyo ni kuchelewa. Lazima ujue alipo muda wote, bila kumtazama."

"Hiyo ni kazi ya kiungo," nikamwambia. Hakunielewa, lakini mimi nilicheka peke yangu.

Mama hakucheka. Nilipomwambia alikaa juu ya gunia la chumvi.

"Rukaya, unajua unachofanya? Ukijificha kwa yule mzee umejitangaza mke wa mwanawe. Akikupita akakutazama, umebaki mke wa nyumba isiyokutaka. Watu watakucheka mpaka Mbeya. Huyo wa Kyela hatatuma hata salamu. Hakuna atakayekuja tena hapa kumtaka mwanamke aliyejiozesha kwenye mtaro."

"Najua."

"Na bado utakwenda?"

"Mama, alinitazama juu mpaka chini nikiwa magotini. Nataka aulizwe tena, safari hii mbele ya watu. Akinikataa, anikatae huku wanamsikia wote. Sitaki kukataliwa sebuleni."

"Mtoto wa Bi Asia hamwinamii mtu asiyemtaka."

"Siinami, mama. Najificha."

Akanyanyuka, akaenda ndani, hakunisemesha mpaka Jumamosi.

*

Jumamosi ilinyesha, kama ilivyo ada. Uwanja ulijaa hata hivyo, watu wamejifunika nailoni na majani ya migomba. Timu pinzani ilitoka Mbeya na ilikuja na jeuri yake. Mzee alikaa kwenye viti vya wageni kando ya kiongozi wa timu ya Dar, bwana mmoja mnene mwenye viatu vyeupe ambavyo tope lilikuwa limeshavimaliza. Mwamvuli ulisimama wima juu ya kichwa cha mzee, mweusi, haukutikisika. Mimi nilikuwa ng'ambo, na sikumtazama hata mara moja, ila muda wote nilijua mwamvuli uko wapi.

Ambindwile alicheza kama mtu anayegombana. Alikwatuliwa akaamka, akakwatuliwa tena akaamka, hakulalamika kwa refa. Kipindi cha pili kinaelekea ukingoni, bado bila kwa bila, mpira ukamjia katikati, mabeki wa Mbeya wakamkimbilia wote. Macho yake yalikuwa kushoto. Uwanja mzima ukatazama kushoto. Mpira akaupeleka kulia, katikati ya miguu ya watu, ukamkuta Prosper, winga wetu, yuko peke yake na kipa.

Goli lile mimi nililijua kabla halijaingia, maana pasi ile nimeirudisha kwa kidole changu siku nzima nzima. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tupokigwe aliyekuwa karibu na viti vya wageni alinisimulia baadaye kwamba mzee alimgeukia yule bwana wa Dar akamwuliza, "Amejuaje mwenzake yuko pale, na hakutazama?"

"Hiyo ndiyo sababu tunamtaka, mzee," bwana akamjibu. "Haihitaji macho. Ni heshima kwa wenzake, anajua kila mtu anatakiwa awe wapi."

Mzee, Tupokigwe anasema, akawa anasugua mpini wa mwamvuli.

Filimbi ya mwisho ilipolia, watu wakashuka njia ya chini. Ni njia nyembamba ile, mkono mmoja mashamba ya chai, mkono mwingine mtaro wa maji ya mvua. Nilitangulia. Nilipofika pale penye kona nikasimama. Ghafla nikahisi mkono umenishika kiwiko, nikageuka, ni mama. Alikuwa amenifuata toka dukani, amelowa.

"Rukaya, usithubutu."

"Mama," nikamwambia, "nishikie viatu."

Akavipokea. Mpaka leo hajui kwa nini alivipokea.

Nilisikia sauti ya mvua juu ya kitambaa cha mwamvuli, na sauti ya yule bwana wa Dar akilalamikia tope, nikajua ndio wakati. Nikatoka njiani, nikaingia kwenye mtaro, maji yakanifika vifundoni. Nikachuchumaa. Gauni la kitenge likazama kwenye tope jeusi. Nikavuta kanga ikanifunika kichwa na uso, nikaipa njia mgongo.

Kuanzia hapo sikuona kitu. Nawasimulia nilichosikia.

Kwanza nilisikia kicheko. "Huyo si mtoto wa Bi Asia? Kapoteza nini humo?"

Kisha sauti ya bibi mmoja, kali. "Nyamaza wewe. Huoni anamkwepa mkwe wake?"

"Mkwe gani? Si mzee alimkataa?"

Maneno yale yalipita toka mdomo hadi mdomo kurudi nyuma, na kila yalipopita watu walinyamaza. Nikabaki nasikia mvua. Kisha viatu vya mpira kwenye kokoto, taratibu, vinakuja. Vikasimama. Vilisimama karibu sana, nikasikia matone yanavyodondoka toka kwenye ncha za mwamvuli. Nikajiambia, Rukaya, ukigeuza shingo umekwisha.

Mtu mmoja akacheka tena, mwenzake akamfuata. Nilitamani mtaro unimeze. Machozi yalinitoka ndani ya kanga, ya hasira zaidi kuliko ya aibu, na niliapa sinyanyuki, hata wakinikuta pale kesho.

Ndipo nikasikia sauti ya mama yangu.

"Mzee," akasema, na sauti yake haikutetemeka. Ile sauti anayotumia kwa mteja anayetaka kumpunja. "Mimi ni mama yake. Nimesimama hapa na viatu vyake mkononi. Mkamwana wako yuko njiani, amekupa heshima uliyosema hakuzaliwa nayo. Sasa na wewe tuoneshe ya kwako. Utapita wapi?"

Mama yangu, aliyesema mtoto wake hamwinamii mtu, alikuwa ameingia mtaroni na mimi kwa mdomo wake.

Yule bwana wa Dar hakuelewa chochote. "Kuna nini mbele hapo? Twende, mzee, njia iko wazi."

Nilihesabu pumzi zangu mpaka nikapotea.

"Njia haiko wazi," akasema.

"Mbona hakuna kitu, mzee? Ni dada tu yuko mtaroni."

"Nimesema njia haiko wazi. Mkamwana wangu yuko njiani."

Kisha nikasikia mwamvuli ukishushwa, na sauti yake tena, imegeukia kwingine kabisa. "Tupokigwe. Chukua huu. Mtu ananyeshewa."

Halafu majani. Nilisikia majani ya chai yakipasuliwa, mti kwa mti, mzee mzima yule anapanda shambani kwenye matuta, bila mwamvuli, anazunguka mbali ili asipite nilipo. Alijikwaa, nikasikia, akaguna, akaendelea. Na nyuma yake yule bwana wa Dar na viatu vyake vyeupe, anauliza kwa nini, hakuna anayemjibu.

Bibi yule mkali ndiye aliyeanza kigelegele. Wakadakia wengine. Njia nzima ililipuka, akina mama wa Suma na wa Bulyaga, na sauti ya mama yangu ilikuwa juu ya zote. Kivuli kikanifunika. Tupokigwe alikuwa amesimama mtaroni na mwamvuli mweusi, analia na kucheka.

"Wifi, amepita. Inuka. Amepita."

Sikuweza kuinuka, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nilikuwa bado nimechuchumaa pale nilipomsikia Ambindwile akikimbia, daruga mkononi, soksi zimejaa tope, anasukuma watu. Vigelegele alikuwa hajavielewa. Aliona watu wamenizunguka, akaniona mimi chini kwenye maji, akadhani ameyajua yaliyotokea. Akaruka mtaroni, akanishika mabega.

"Amekufanya nini? Rukaya, niambie. Baba amekutazama?"

Nilifunua kanga. Uso wake ulikuwa umejaa tope na hofu, na sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda saa ile.

"Hakunitazama," nikamwambia. "Ambindwile, hakunitazama hata kidogo."